Changuu: Jela Bila Wafungwa

Msomaji wangu, lile jina la Kisiwa cha Jela lisikutishe. Changuu ni nusu saa hivi kwa boti kutoka Forodhani, Unguja. Jela ilijengwa 1893, wafungwa hawakuletwa. Ikageuzwa karantini ya homa ya manjano. Basi!

Mimi na mshikaji wangu wa Tandika tulifuata kobe. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya Waingereza. Wakazaana weee, kisha wezi wakaingia, maana kobe ng'ambo ni mapesa. Kufika 1996 waliobaki walihesabika kwa vidole. Ndiyo maana leo wako ndani ya uzio. Yaani jela imekosa wafungwa, asiye na kosa ndiye kafungiwa!

Nilimlisha mmoja mchicha. Mgongoni kaandikwa umri kwa rangi, mkubwa kuliko babu yangu. Akanyoosha shingo taratibu, macho yamelowa kama ya bibi aliyetoka jikoni kwenye moshi.

Mshikaji akaninong'oneza: "Oya, kale kadogo Kariakoo kangeuzwa ngapi?"

Nilimkata jicho. Tulipopanda boti nikampekua begi lake. Tulikuwa tunacheka, lakini nilipekua mpaka chini.