Korongo wa alfajiri kwenye Mto Platte

Mwezi Machi, jimboni Nebraska, Marekani, majira ya kuchipua yameshabisha hodi lakini baridi ya usiku bado haijaondoka. Kabla jua halijachomoza, wazazi na watoto wao wako juu ya daraja la zamani la reli karibu na Fort Kearny, ambalo siku hizi ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Mtoni, kwenye maji yasiyofika goti, wamesimama maelfu ya korongo wa kijivu wenye utosi mwekundu.

Mvulana wa miaka 9 ameshika simu.

"Mama, tushuke kule karibu, picha haitoki!"

"Hapana, mwanangu. Tukiwasogelea wataruka."

Mama ana sababu. Ndege hawa hutua hapa kwa wiki chache tu, wakila punje za mahindi zilizobaki mashambani, wanenepe kwa safari ya Kanada, Alaska na hata Siberia. Kila wanapokurupushwa, hupoteza nguvu walizozifuata. Ndiyo maana taa ya kamera huzimwa, na watoto huambiwa mapema wasipige kelele (hapo ndipo kazi ilipo!). Simu nayo ikae ndani ya koti hadi papambazuke, maana baridi humaliza chaji.

Jua linapotoka wanaruka wenyewe, kundi kwa kundi, kwa mlio unaosikika mbali. Mvulana anabonyeza. Picha ni vivuli vyeusi tupu kwenye anga la rangi ya chungwa. Njia nzima hadi kwenye gari hakubali kuirudisha simu ya mama yake.