Barua kwa Elibariki kabla hajasaini mkataba

Akheri, Meru

Mwanangu Elibariki,

Mama yako ananiambia umepata tajiri wa kukupa pikipiki kwa mkataba, Boxer, hesabu shilingi 10,000 kwa siku, na kijiwe umeshapata pale Sanawari. Nimefurahi. Kazi hii imesomesha watoto wengi wa huku mlimani, na mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku wa manane juu ya Nkoaranga, mara nyingi anayemteremsha ni bodaboda. Kwa hiyo sikuandikii kukukataza.

Lakini amenieleza na jambo la pili: eti umemwambia mambo ya karatasi yamekwisha kwa sababu rodi laisensi ilifutwa. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Ni kweli ilifutwa. Kwenye bajeti ya mwaka 2017, Dkt. Mpango akiwa Waziri wa Fedha, ile ada ya kila mwaka iliondolewa. Ila kodi yenyewe ilihamia kwenye mafuta: ushuru wa kila lita ukapanda kwa shilingi 40. Mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani hizi zetu za vijijini na za mitaani. Maana yake, kila ukisimama sheli unalipa kodi ya barabara, hata kama hakuna anayekupa stika. Nataka ulijue hilo ili masika, njia ya kupanda huku ikigeuka utelezi na makorongo, usinyamaze kwenye mkutano wa kijiji kama mtu anayeomba msaada. Umeshalipia.

Kilichofutwa ni ada hiyo moja. Mengine yote yapo palepale, na mengi yapo kwa faida yako.

Leseni, usinunue. Najua wapo vijana wanaokwambia kuna mtu wa kukupatia kwa wiki moja. Chukua lena, kaa darasani, VETA pale Njiro au chuo kingine kilichosajiliwa, ujaribiwe na polisi, halafu TRA wakutolee leseni yenye daraja la pikipiki. Ukishaipata inadumu miaka 5. Kufundishwa na rafiki uwanjani kunakupa kubadili gia na kukata kona. Hakukufundishi kusoma nia ya lori linalotoka Moshi ukiwa unavuka barabara kuu pale Tengeru.

Sasa bima. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu nimeuguza wagonjwa wodi ya mifupa miaka mingi na nimeona mwisho wa bima isiyofaa.

Mama yako anasema pikipiki hiyo ina namba ya njano. Mwanangu, njano ni chombo cha binafsi. Chombo cha biashara kina namba nyeupe, na ndicho kinachopewa leseni ya LATRA ya kubeba abiria. Tajiri anaweza kukuonyesha stika ya bima, nawe ukaona mambo yamekamilika. Uliza bima hiyo imekatwa kwa matumizi gani. Bima ya pikipiki ya binafsi ni ya mtu anayekwenda shambani au kazini kwake. Haikuandikwa kwa ajili ya abiria anayelipa nauli. Ukianguka na abiria, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai, na yule mtu uliyembeba anabaki na mguu uliovunjika na bili mkononi.

Nilimuuguza mama mmoja muuza ndizi, paja limevunjika mara mbili. Dereva aliyembeba alikuwa kijana mzuri, alikuja kumwona siku mbili za mwanzo akilia, kisha hakuonekana tena. Hakuwa mwizi. Hakuwa na kitu, na bima ilikuwa ya binafsi. Mtamba wa yule mama aliuzwa, shamba likakodishwa. Sitaki awepo mtu katika Meru hii anayelitaja jina la ukoo wetu kwa namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya sahihi yako, tajiri abadilishe namba iwe nyeupe, akate bima ya biashara, na leseni ya LATRA ipatikane. Mkataba useme ni nani atakayelipia kila kimoja muda wake ukiisha, maana matajiri wengine huacha bima ife mwezi wa nane, wakijua utakayesimamishwa ni wewe. Stika yenyewe usiiamini kwa macho. TIRA, wasimamizi wa bima, wana mfumo wa kuhakiki kwa namba ya chombo, unafanya kwenye simu yako. Vilevile tazama madeni ya trafiki. Faini ya pikipiki ilishushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na ni nafuu kubwa, lakini deni lisilolipwa hukaa kwenye namba ya pikipiki. Usije ukarithi makosa ya aliyeiendesha kabla yako.

Kofia ngumu ziwe mbili, na ya abiria iwe na mkanda unaofunga. Mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hapana, hata wakiwa ndugu, hata mvua ikinyesha. Mtoto wa chini ya miaka 9 kanuni za bodaboda hazikuruhusu kumbeba. Na ile barabara ya njia nne kati ya Sakina na Tengeru, ukipitiliza, nenda mpaka pa kugeuzia. Usirudi kinyume pembezoni kama wanavyofanya wengi.

Jumamosi nashuka soko la Tengeru. Njoo na huo mkataba ambao bado hujausaini, kadi ya pikipiki, na picha ya stika ya bima. Ada ya chuo na ya leseni nitalipa mimi kwa pesa ya maziwa, utanirudishia kidogokidogo ukishaanza kazi. Tajiri akikuharakisha usaini kabla ya Jumamosi, mwambie yupo shangazi yako anayetaka kuusoma kwanza.

Msalimie mama yako na wadogo zako wote.

Shangazi yako