Chumvi ya Minnesota na gari la shemeji

Januari, Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, Marekani. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na magari yote yamekuwa meupe kama yametoka kwenye mashine ya unga. Gari la shemeji limepakwa kinga ya seramiki, nikadhani halihitaji kuoshwa. Akacheka: "Kinga iko juu ya rangi. Chumvi inakula chuma huku chini."

Tulisubiri siku ya jua, baridi ilipopungua. Kwanza alipiga maji ya presha, hasa uvunguni, mchanga utoke. Ukisugua mapema, unakwaruza. Kisha shampuu isiyo kali na kitambaa laini. Maji ya moto hakugusa: kioo chenye baridi kali huweza kupasuka.

Tukaliingiza gereji, tukafunga mlango, akafuta mipira ya milango isigande. Mwanawe wa miaka sita akapanda ndani. "Baba, washa hita!"

Shemeji akachomoa ufunguo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na huua kimya kimya. Mzazi, mtoto akisikia baridi, mpeleke ndani ya nyumba. Injini usiiwashe gereji.