Nani Ameyapima?

Mwezi uliopita nilipanda Chawia, kwenye vilima vya Taita, kutoka Voi na mjukuu wangu. Alibeba maji ya chupa, yale ya dukani. Tulipofika kwenye chemchemi chini ya msitu nikainama ninywe, akanishika mkono.

"Babu, haya nani ameyapima?"

Nilitaka kumcheka. Nikatazama juu, nikaona choo kipya cha jirani na kabichi zilizopuliziwa dawa mpaka ukingoni. Nikanyamaza.

Zamani mpimaji alikuwa mzee mmoja, asiye na cheo wala mshahara. Aliketi kwenye jiwe kando ya njia akisokota kamba za mkonge, na mwanamke akishuka, alianza kukagua chombo kabla ya kuitikia salamu. Sufuria lenye masizi lilirudi nyumbani. Mama yangu alirudishwa mara mbili, ya pili mvua ikinyesha, na njia nzima alimsema mzee yule kwa Kidawida ambacho sitakiandika hapa. Maji yalichotwa kwa kata iliyotundikwa mtini. Ng'ombe walinywa chini, na nguo zilifuliwa chini zaidi. Mkaidi aliitwa na waghosi, wazee wa kijiji, akatozwa mbuzi au pombe ya mbangara. Ikawa aliyekosa ndiye anayewanywesha waliomhukumu. Kwenye fighi, msitu wetu mtakatifu, hata kuni kavu hukuokota.

Harufu ya pale ninayo puani hadi leo: majani yaliyooza, matope baridi, moshi kwenye koti la mzee. Ukungu ulikaa hadi saa nne, ukidondoka matone kutoka kwenye matawi, na mzee akituambia kwamba huo ndio unaojaza chemchemi, tuuache msitu unywe kwanza.

Tusidanganyane, tulihara. Watoto walizikwa. Maji yalikuwa maangavu, na macho ya mzee yaliona masizi, hayakuona vijidudu.

Kisha ikaja mikaratusi, nasi tukaifurahia, maana nguzo na mbao zilileta karo. Tangi la saruji nilidhani lilijengwa 1979. Risiti ya marehemu baba inasema 1981. Na iwe hivyo. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba mzee alikuwa ameshazikwa, na jiwe lake lilipondwa kokoto za zege lile. Kamati ikachaguliwa, mwenyekiti, mweka hazina na kitabu cha risiti. Kata ikapotea.

Sheria ya Maji ya 2002 ikatuletea vyama vya watumiaji wa maji, tusuluhishe ugomvi na kutunza vyanzo wenyewe, ile ya misitu ya 2005 ikaleta vyama vya msitu, baadaye kaunti. Nimehudhuria semina zote. Nina fulana tatu. Wazo lenyewe silikatai, kwani ndilo alilokuwa nalo mzee. Ila katika mikutano hiyo tunagombania mabomba na kiti cha mwenyekiti, na sijasikia mtu akiuliza choo kile kilijengwaje pale juu. Mimi mwenyewe sikuuliza. Mwenye choo ni shemeji yangu.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana wawili, wakajaza chupa kwenye tangi, wakasema wanakwenda kupima.

Siku ile chemchemini, mjukuu alimwaga maji yake ya dukani, akaijaza chupa pale pale, akasema atampelekea mwalimu wake wa kemia. Wewe msomaji, kama ndiwe uliyechukua zile chupa za kwanza, majibu bado tunayangoja.