Kwenu ni “bushi” au nyumbani?

Desemba ikikaribia, maofisini Dar swali ni moja tu: “Krismasi unaenda wapi?” Majibu ndiyo yanayochekesha. Mmoja anakwenda mkoani. Mwingine kijijini. Wa tatu anaaga kwa mbwembwe kwamba anazama bushi. Ukiwadadisi, wote watatu wanashuka Himo na kupanda gari za Marangu!

Safari ni moja, maneno matatu. Na kama mwaka huu unampeleka mchumba kwa wazazi, au wewe ndiye unayepelekwa, neno utakalochagua si jambo dogo. Linasema unakwenda wapi, na pia unajiona nani.

Mkoani, lakini mkoa upi?

Kwa mtu wa Dar, ukishapita Kibaha umeingia mkoani, utadhani Dar yenyewe si mkoa. Neno hili halina tusi, ila lina maringo kidogo. Linamweka mtu aliyekulia Moshi mjini, kwenye lami na hospitali kubwa, kapu moja na yule wa kijiji cha ndani kabisa.

Dawa ya maringo hayo ni boti ya Zanzibar. Shuka bandarini Unguja na majivuno yako yote ya Masaki, utaitwa mtu wa bara. Kwa watu wa pwani, bara ni kule ndani, mbali na bahari. Kwa Mzanzibari, bara ni upande wote wa pili wa maji, na Dar imo humo humo.

Shamba la wapi?

Huko huko Unguja, mtu akisema anakwenda shamba si lazima awe na jembe. Anatoka mjini anaelekea vijijini, basi. Neno hilo ndilo lililotuzalia “mshamba” na “ushamba”, ambavyo leo tunamrushia yeyote anayeogopa lifti, hata kama hajawahi kushika jembe maishani.

Sasa panda nalo hadi Marangu uone linavyogeuka. Nyumba ya Mchaga imezungukwa na kihamba: migomba juu, kahawa chini yake, na pembeni mfereji unaoshusha maji ya mlimani. Hapo si shamba. Shamba liko chini tambarare, kwenye joto, kunakolimwa mahindi na maharage. Kwa hiyo mama mkwe akikwambia, “Baba yenu ameenda shamba,” usizunguke nyuma ya nyumba kumtafuta. Huenda akarudi jioni.

Pori halina mwenyekiti

Tuje kwenye “bushi” na ndugu yake “porini”. Pori ni mahali pasipo makazi ya watu. Ndiyo maana tuna mapori ya akiba kwa ajili ya wanyama. Kijiji ni kitu kingine kabisa. Kina mwenyekiti, mtendaji na mkutano wake, na tangu sheria ya mwaka 1975 kinatambulika kama chombo rasmi. Marangu kwenyewe kihamba kinapakana na kihamba, mipaka inaonyeshwa kwa masale, na watu wamebanana kuliko mitaa kadhaa ya Dar. Hilo pori liko wapi?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa karibu Watanzania wawili kati ya kila watatu wanaishi vijijini. Sasa kama wote hao wako bushi, basi nchi yenyewe ndiyo bushi, na sisi wa mjini ndio tumejitenga.

Hebu fikiria. Bibie amefika ukweni kwa mara ya kwanza. Amekunywa mtori, amesifiwa, kila mtu anamfurahia. Simu inaita, shosti yuko Dar. “Niko bushi huku, mtandao unasumbua!” Mama mkwe yuko jikoni, anasikia. Hatasema kitu. Ataendelea kumenya ndizi. Lakini kwenye kihamba hicho ndiko walikozikwa wazazi wa mumewe, na ndiko anakotarajia kuzikwa yeye. Mgeni amepita juu ya hayo yote kwa neno moja.

Nyumbani

Ndiyo maana wenyewe wana neno lao: nyumbani, au kwetu. Kijana aliyezaliwa Sinza na kusomea Sinza bado atakwambia kwetu ni Marangu, hata kama huenda huko mara moja kwa mwaka. Majirani zetu wa Nairobi nao wana “ushago”. Hulitamka kwa utani, lakini mwisho wa mwaka mabasi hujaa watu wanaokwenda huko huko.

Kabla hujapanda basi

• Muulize mwenzio kwao wanapaitaje, kisha tumia neno hilo hilo.

• Ukipigiwa simu ukiwa ukweni, sema “niko nyumbani kwa kina fulani”. Inatosha.

• Usisifu kwa kupunguza. “Kumbe na huku kuna umeme!” si sifa.

• Mwenzio akipaita kwao bushi, cheka naye, lakini usimsaidie. Yeye ana ruhusa ya kupatania, maana kila mtu pale anajua atarudi. Wewe bado wanakuangalia.