Mgombea Mbele ya Mpiga Kura: Tanzania, 1965 hadi 2015

Imani ya mpiga kura wa Tanzania kwa mgombea imejengwa kwa njia tofauti kila kizazi. Maneno ya wagombea hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni namna mwananchi alivyopata nafasi ya kuyachunguza.

Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ulitoa nafasi hiyo kwa upana. Karibu kila jimbo la Tanzania Bara lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Hawakuruhusiwa kufanya mikutano yao binafsi. Walizunguka pamoja, wakasimama kwenye jukwaa moja chini ya wasimamizi wa chama, wakazungumza Kiswahili, na walikatazwa kugusa kabila, dini wala rangi ya mtu. Ilani ilikuwa moja, hivyo sera haikuwatenganisha. Wengine waligeuza alama yenyewe kuwa hoja: mwenye jembe akajinadi kuwa ndiye wa wakulima, mwenye nyumba akajibu kwamba hata mkulima anahitaji pa kulala. Hoja hizo zikiisha, kilichobaki ni mtu mwenyewe na mwenendo wake. Je, alipopata ubunge alirudi jimboni, au alihamia Dar es Salaam moja kwa moja? Akidai amefanya jambo, mpinzani wake alikuwa palepale kulijibu, na wasikilizaji waliwapima wote wawili kwa pamoja.

Kipimo hicho hakikumwogopa mkubwa. Paul Bomani, waziri wa fedha aliyekuwa ameinukia katika vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Usukuma, alishindwa Mwanza. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alishinda Morogoro dhidi ya mgombea Mwafrika. Ni matokeo yanayostahili heshima, kwa kuwa nchi ilikuwa na miaka minne tu tangu Uhuru.

Azimio la Arusha la 1967 liliongeza kipimo cha pili: maisha ya kiongozi. Masharti ya uongozi yalimkataza kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa katika makampuni au mishahara miwili. Mwananchi wa kawaida aliweza kuyatumia bila kusoma sheria, maana nyumba huonekana. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na pengo lililobaki halikuzibwa vizuri.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, jukwaa la pamoja lilitoweka. Kila chama kikawa na mikutano yake, bendera zake na wafuasi wake, na mpiga kura akawa anawasikia wagombea kwa nyakati tofauti, kila mmoja akishangiliwa na watu wake. Mwaka 1995 Augustine Mrema, aliyejijengea jina kama waziri wa mambo ya ndani asiyevumilia wezi, alihamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi akagombea urais. Vijana walisukuma gari lake kwa mikono huku likiwa zima. Hata hivyo alipata chini ya asilimia 28, na Benjamin Mkapa wa chama tawala cha CCM, aliyenadiwa na Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza, kama mtu msafi, karibu asilimia 62. Nje ya miji, neno la Mwalimu lilikuwa na uzito mkubwa.

Ukafuata wakati wa khanga, fulana na ubwabwa. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilimpendelea mwenye fedha. Madhara ya takrima yalikuwa makubwa kuliko gharama zake. Aliyekula ubwabwa wa mgombea hakuwa na uhuru uleule wa kumhoji, na aliyehoji alionekana hana shukrani.

Mwaka 2015 ushahidi wa ukweli ulihamia mwilini. Edward Lowassa, ambaye afya yake ilikuwa gumzo, alipanda daladala Dar es Salaam. John Magufuli wa CCM alipiga pushapu jukwaani. Umati wa Lowassa uliitwa mafuriko. Lakini tatizo lake halikuwa umati. Alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, akisisitiza kwamba hana hatia, na sasa alisimamishwa na Chadema, chama kilichomshutumu kwa miaka mingi. Willibrod Slaa, mgombea wa Chadema wa 2010, alijiondoa kwenye siasa kwa sababu hiyo. Magufuli, aliyekuwa waziri wa ujenzi, alikuwa na kazi ya kuonyesha: barabara, ambazo alitaja urefu wake kwa kilomita bila karatasi. Alitangazwa mshindi kwa asilimia 58; Lowassa alipata karibu 40. Wawili hao hawakusimama pamoja kwenye mdahalo hata mmoja, na hasara hiyo ilikuwa ya mpiga kura.

Udiwani umebaki tofauti. Mgombea wa kata huishi na wapiga kura wake: wanajua madeni yake, wanajua kama huja msibani kabla ya msimu wa kura, na wanajua ni lini alihudhuria mkutano wa kijiji wa kusoma mapato na matumizi. Fulana za chama hufika huko pia, lakini mtu huyo huulizwa maswali hata akiwa dukani.