Kwenda Kisangani Kujifunza Kuchambua Mahojiano

Nilidandia lori la mizigo Mambasa, likashika barabara ya taifa namba 4. Tukapita Epulu, kwenye hifadhi ya okapi, tukalala Nia-Nia, tukavuka mto Lindi pale Bafwasende, na njia nzima msitu haukutuacha. Ndani ya mfuko wa nailoni nilikuwa na majedwali ya ugawaji wa Mectizan, dawa ya upofu wa mtoni. Kazi yangu ilikuwa kuyajaza: wangapi wamemeza, wangapi hawakuwapo, wangapi wamekataa. Kwa nini wamekataa, jedwali halikuuliza. Swali hilo ndilo lililonipeleka Kisangani.

Mji ulinipokea kwa honi za pikipiki na kengele za toleka, baiskeli za kubeba abiria. Mtu huanza sentensi kwa Kiswahili, akaimalizia kwa Kilingala, na bei akakutajia kwa Kifaransa. Kabla ya masomo nilikwenda kuwaona wavuvi wa Wagenia. Wamesimika magogo katikati ya maporomoko ya mto Kongo, na vikapu vyao vyenye mdomo mpana vinaning'inia kwa kamba hadi majini. Maji yaendayo kasi namna hiyo ndiyo anayoyapenda usubi, mdudu mdogo mweusi anayeeneza upofu wa mtoni: huzaliana humo, na viluwiluwi vyake hujishikiza kwenye mawe na majani.

Mafunzo yalifanyika komini ya Makiso. Mwalimu wetu, tuliyemwita Mama Prof, alifuata hatua 6 za uchambuzi wa dhamira zilizoelezwa mwaka 2006 na Virginia Braun na Victoria Clarke: kuyazoea maandishi, kuyapa misimbo, kuunda dhamira, kuzipima upya, kuzipa majina na maelezo, kisha kuandika. Siku ya kwanza alikataza kalamu. Tulisoma tu, halafu tukasoma tena.

Siku iliyofuata alitugawia mahojiano aliyoyatunga mwenyewe kwa mazoezi. Ndani yake mvuvi alisema: "Niliimeza, mwili ukawasha, miguu ikavimba, wiki nzima sikushuka mtoni. Sasa mgawaji akija na fimbo yake, nakuwa ng'ambo." Fimbo hiyo naijua vizuri. Mgawaji humpima mtu urefu, alama zikamwonyesha ampe kidonge 1, 2, 3 au 4.

Pembeni niliandika "madhara ya dawa", nikafanya vivyo hivyo kwenye mahojiano manne mengine, nikayakusanya yote chini ya kichwa hicho. Mama Prof akainama juu ya karatasi yangu.

"Papa, hiki ni kichwa cha habari. Hao watu wanasema nini juu ya hayo madhara?"

Nikarudi kwenye maandishi. Mvuvi alitaja wiki aliyokosa kazi. Mama muuza samaki alitaja soko alilolikosa. Kijana wa pikipiki alisema ataimeza akipata wa kumshikia chombo. Hakuna aliyesema dawa ni mbaya. Dhamira ikaandikwa kwa sentensi kamili: watu huipima dawa kwa siku za riziki itakazowagharimu. Sikuiokota ikiwa tayari kwenye karatasi. Niliijenga, na ilinibidi niitetee mbele ya wenzangu kwa maneno ya wahojiwa.

Mjadala ukafika kwenye jambo ambalo namba zangu zilikuwa zimelificha. Mectizan huua vijidudu vichanga vilivyomo ngozini, na vinapokufa ndipo mwili huwasha na kuvimba. Mwenye vijidudu vingi ndiye huelekea kuteseka zaidi. Minyoo mikubwa inayovizaa hubaki hai kwa miaka, kwa hiyo dawa lazima irudiwe kila mwaka. Basi aliyeumia mara ya kwanza, naye ndiye mwenye haja zaidi ya kurudia, ana sababu nzuri kuliko wote ya kuvuka ng'ambo mgawaji akifika.

Kwenye majedwali yangu mtu huyo yumo katika safu ya "hakuwapo". Dawa yake si mahubiri juu ya upofu. Aambiwe mapema kwamba mwili utawasha na kwa sababu gani, apewe cha kutuliza, na siku ya ugawaji ipangwe pamoja naye, msimu ambao mto hauna samaki wengi.